Waya wa Mzee wa Soting

Watu wakitaka kunikasirisha huniambia kwamba Mzee wa Soting ni mtu mzuri. Husema ni mpole, hakuwahi kumfokea mfanyakazi, na akili yake iliwapita mainjinia waliokuja na magari makubwa kutoka Kericho mjini. Yote hayo ni kweli. Mimi naweza kuyasema vizuri kuliko wao, maana nilifanya kazi chini yake miaka kumi na mmoja. Lakini mkono wangu wa kushoto haukunji ngumi mpaka leo, na katika kitabu cha ajali cha kiwanda, kwa mwandiko wake ule unaolala upande, imeandikwa kwamba niliumia kwa uzembe wangu. Mzembe sikuwa, na yeye alijua sikuwa. Kwa hivyo nikisimulia habari zake mtanivumilia, sitaweza kuzisimulia kwa upole.

Kiwanda chenyewe ni cha chai ya wakulima wadogo, upande wa Bomet, na jina lake nitaliacha. Chai ikishakatwa na kukaushwa huletwa kwenye chumba cha kuchambulia, ambacho sote tulikiita soting. Humo punje kubwa hutengwa na ndogo, na vumbi hutengwa na vyote viwili. Kazi ngumu ni kuondoa zile nyuzi nyekundu za vikonyo, ambazo mnunuzi akiziona kwenye chai anakunja uso. Chekeche peke yake haiwezi kuzitoa. Kuna mashine yenye rola za plastiki zinazozunguka huku zikijisugua kwenye kitambaa kizito cha sufu, kinene kama blanketi la bweni. Rola hizo hupita juu ya chai inayotikisika kwenye trei, na nyuzi zinaruka zenyewe kutoka kwenye chai, zinajibandika kwenye plastiki, kisha zinafutwa mbele na kuanguka kwenye gunia lake. Punje nyeusi zinabaki chini. Hakuna waya wowote unaopeleka umeme kwenye rola hizo.

Siku yangu ya kwanza nilisimama mbele ya mashine hiyo mdomo wazi. Mzee alikuja nyuma yangu, akachomoa kitana cha plastiki kwenye mfuko wa koti lake la buluu. Ninyi mnaomjua mnajua kichwa chake hakina hata unywele mmoja, na wasichana wa kufunga mifuko walikuwa wakiulizana kila siku kitana ni cha nini. Alikisugua kwenye mkono wa sweta yake, akakisogeza karibu na nyuzi chache alizozimwaga kwenye kiganja. Zikaruka zikakishika.

"Ona," aliniambia kwa sauti ya chini kabisa, nikalazimika kuinama ili nisikie kwenye kelele za mashine. "Hii kitana imeiba kitu kwa sweta. Kila kitu kiko na umeme ndani yake, ya kuongeza na ya kutoa, na zikiwa sawa huwezi kusikia kitu. Ukisugua, moja inachukua ya mwenzake. Sasa hakuna usawa. Hapo ndio inaanza kushikashika vitu."

"Na hiyo umeme inaenda wapi, Mzee?"

"Inatafuta njia ya kurudi chini. Haina ubaya na mtu, Mama Brian. Inatafuta njia tu."

Shule aliachia darasa la saba. Mimi nilimaliza kidato cha nne na nilifanya fizikia, mwalimu akatuandikia ubaoni mambo ya chaji mpaka kipindi kikaisha, na sikuwahi kuelewa chochote mpaka siku ile ya kitana. Hilo nalikubali. Nilimpenda kwa ajili yake, na ndiyo maana inaniuma.

Alikuwa na njia yake ya kupima hewa. Kila asubuhi, kabla hatujaanza kazi, alikunja mkono wa shati na kuusogeza karibu na rola inayozunguka. Vinyweleo vikisimama wima, aliitikia kwa kichwa na kusema tuwashe zote. Vikilala, alisema, "Leo hewa imelowa," na tulijua kwamba nyuzi zitapita na chai, kwa sababu unyevu wa hewa huubeba ule umeme polepole na rola zinabaki plastiki tu. Siku za mvua nyingi meneja alikuja kutugombeza kwamba chai ina nyuzi. Mzee angeweza kumweleza jambo hilo kwa dakika mbili. Badala yake aliitikia, "Ndiyo, bwana meneja," halafu meneja akishatoka alinieleza mimi. Mimi ningefanya nini na maelezo hayo?

Ndivyo alivyokuwa kwa kila jambo. Ukweli aliutoa kwa mtu mmoja mmoja, pembeni, kama mtu anayegawa peremende zisizotosha. Alimweleza mpishi kwa nini mfuko mwembamba wa plastiki unang'ang'ania mkono ukitaka kuutupa. Alimweleza mlinzi kwa nini akiinuka kwenye kiti cha plastiki mwezi wa kwanza, hewa ikiwa imekauka, anashtuliwa na kitasa cha mlango. Alinieleza mimi kwa nini leso yangu ya kitambaa cha polista inanishika miguu wakati wa kiangazi, na kwa nini kioo cha televisheni kuukuu hakikosi vumbi hata ukifute mara ngapi. Siku moja aliniingiza stoo mchana, akafunga mlango tukawa gizani, akavua sweta yake ya nailoni haraka. Ilitoa cheche ndogo za buluu na mlio wa mahindi yanayokaangwa. Nilipiga kelele, naye akacheka mpaka akakohoa. Nilipotoka, wasichana wa mifuko walinitazama kwa jicho lile mnalolijua, na niliwaeleza habari za sweta bila mtu kuniamini. Yeye alipita katikati yao akaenda zake bila kusema neno.

Radi aliiogopa na kuijua kwa pamoja. Huku kwetu alasiri ikifika mawingu yanakaa juu ya mashamba, na mvua ya mawe inaweza kulivua shamba la chai majani yote kabla hujapata pa kujificha. Mzee alisema kule juu barafu inasuguana na barafu, ndogo zinapanda na kubwa zinashuka, na kila moja inaondoka na umeme wa mwenzake. "Huko juu ni soting kubwa," alisema. Lakini ikinguruma tu, huyo huyo aliyekueleza habari za barafu alivua kofia na kutamka "ilat" chini ya pumzi, kama wazee wake walivyoiita radi, halafu akatazama kama kuna mtu wa kanisani amemsikia.

Siku moja wachumaji wa chai walikimbilia chini ya mti mmoja mkubwa wa kando ya kiwanda radi ikipiga. Mtu mwingine angesimama mlangoni akapaza sauti waondoke. Yeye alitoka kwenye mvua ile, akatembea mpaka kwa mwanamke wa kwanza, akamnong'oneza sikioni. Yule ndiye aliyewapigia wenzake kelele watawanyike wakachuchumae chini, mbali na mti. Walimshukuru yule mwanamke, naye Mzee akarudi soting koti likichuruzika maji. Watu huisimulia habari hiyo kuonyesha unyenyekevu wake. Mimi naiona kwa namna nyingine. Sauti alikuwa nayo, ila aliona afadhali atumie ya mwingine.

Sasa nije kwenye bomba. Zamani vumbi la chai lilishuka kwenda kwenye pipa la kufungia kwa bomba la chuma. Likaharibika, wakaleta la plastiki, la buluu, lililong'aa, na pipa la bati wakalifunga magurudumu ya mpira ili lisukumike kwa urahisi. Kuanzia wiki ile tulianza kupigwa. Ukigusa ukingo wa pipa, kidole kinarushwa mpaka begani. Msichana mmoja aliangusha mizani. Kiwanda kikatuletea buti mpya za mpira, za bure, tukaambiwa zitatukinga na umeme. Tukazivaa kwa furaha, maana hakuna mtu wa nchi hii ya matope anayekataa buti za bure. Mambo yakazidi.

Mzee alinivuta pembeni. "Chai ikiteleza kwa plastiki inajisugua njia yote," alisema. "Inafika kwa pipa imebeba umeme, na pipa imesimama kwa mpira, haina pa kuitoa. Inangoja mtu. Na nyinyi mmevaa mpira pia, mwili wenu unajibebea yake. Hizo buti ni nzuri kwa umeme ya ukuta. Kwa hii, hapana."

"Si uwaambie, Mzee!"

"Wamenunua buti juzi tu. Nitasema aje?"

Basi wafanyakazi wakasema pipa lina pepo. Wakamleta mzee wa kanisa, akaomba, akanyunyiza maji ya baraka kwenye pipa, kwenye bomba, sakafuni, na alikuwa mkarimu kwa maji. Siku hiyo ilikuwa ya mvua. Hatukupigwa siku nzima, watu wakaimba mpaka saa ya kutoka. Mzee alisimama pale akaimba nasi sauti ya pili, na anaiimba vizuri sana. Akaniinamia katikati ya wimbo, akasema maombi ni mazuri lakini maji ndiyo yamesaidia, yakikauka umeme utarudi. Kesho yake jua lilitoka, na msichana wa kwanza kugusa pipa alilia kwa hofu akiamini kwamba dhambi yake ndiyo imemrudisha pepo. Alienda kuungama mambo ambayo hayakumhusu mtu yeyote. Mzee aliyajua hayo yote na akanyamaza.

Ila alifanya jambo moja, na sitamnyima haki yake. Alitafuta waya wa shaba, akaubana upande mmoja kwenye pipa na upande wa pili kwenye nguzo ya chuma inayoingia ardhini. Hakumweleza mtu isipokuwa mimi. Tuliacha kupigwa kabisa. Wenzangu walisema maombi yamekubaliwa polepole.

Halafu wakaja wageni wa ukaguzi. Siku mbili kabla yake meneja alizunguka akitafuta uchafu, akauona waya umelala sakafuni. Akasema mgeni atajikwaa, uondolewe. Sikuwapo aliposema hayo, nilikuwa upande wa mashine za nyuzi. Wageni wakaja, wakanywa chai, wakaondoka. Siku ya nane tangu waondoke nilipanda ngazi kutazama pipa limejaa kiasi gani, kazi niliyoifanya kila siku, nikashika ukingo. Cheche ile haikunivunja mkono. Ilinishtua tu, nikajirusha nyuma kama mtu yeyote angefanya, na sakafu ndiyo iliyonivunja. Nikiwa nimelala pale niliitazama nguzo, na waya haukuwapo.

Mkono ulifungwa vibaya, ukaunga vibaya. Nikaitwa kikaoni. Nilisema wazi kwamba palikuwa na waya unaozuia jambo hili na kwamba uliondolewa. Meneja akacheka kidogo, akamgeukia Mzee aliyekuwa ameketi karibu na dirisha.

"Mzee, kulikuwa na waya hapo?"

Alikuwa ameshika kofia yake magotini. Aliitazama hiyo kofia muda mrefu, akaizungusha.

"Sikumbuki vizuri, bwana meneja."

Hapo ndipo waliposoma kitabu cha ajali. *Alikuwa akizungumza na wenzake, hakuwa makini, ni uzembe.* Mwandiko wake. Niliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Nilipoomba viwanda vingine viwili, waliuliza nilikotoka, wakapiga simu, wakaniambia nafasi imejaa. Kanisani, nikipanda mimbarini kusoma somo, kuna mwanamke aliyezoea kuniambia, "Polepole na hizo ngazi, mama," na wenzake wakacheka ndani ya leso. Sasa nanunua viazi kutoka Londiani na kuviuza sokoni, nikivishika kwa mkono mmoja na nusu. Biashara si mbaya. Lakini kila mteja anayenijua anajua pia kwamba mimi ndiye mzembe wa soting, na hilo nililitaka lifutwe na mtu mmoja tu, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyeweza kulifuta.

Miaka ilipita, naye akastaafu. Nilisikia anaumwa, nikafurahi kidogo, nisiwadanganye. Kisha mwaka huu mke wake akanipigia simu kutoka Ndanai, walikohamia. Akasema Mzee ananiita, na kwamba hatakaa sana. Nilijiambia siendi. Usiku kucha sikuamua kitu, asubuhi nikavaa viatu.

Nilikuta watu wengi uani, kama arobaini, wamekaa kwenye viti. Kanisa lao lilikuwa limekuja kumwombea, na wengine wao niliwajua vizuri, walikuwa wa kiwanda chetu. Mke wake aliniingiza ndani. Mzee alikuwa kwenye kochi, blanketi magotini, amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa.

"Mama Brian. Umekuja."

"Nimekuja, Mzee. Sema."

Alinipa daftari la shule. Ndani yake alikuwa ameandika wasifu wake mwenyewe, ule unaosomwa mtu akizikwa. Alisema watoto wake hawaijui kazi yake, wangeandika uongo. "Nataka wewe ndio usome hiyo siku," alisema. "Uko na sauti. Hata kwa zile mashine ulikuwa unasikika."

Nilikaribia kucheka. Nikaruka kurasa za alikozaliwa na ukoo wake, nikatafuta kiwanda. Nikakikuta.

*Nilifunga waya kwa pipa ili watu wasipigwe. Nikaambiwa niutoe kwa sababu ya wageni. Niliutoa kwa mikono yangu, nikauweka kwa mfuko wa koti. Wageni walipoenda hakuna aliyeniambia niurudishe, na mimi niliogopa kuuliza. Mama Brian akaanguka. Waya ulikuwa bado kwa mfuko yangu wakati niliandika kwamba ni uzembe. Uzembe ulikuwa wangu.*

Nilisoma mara mbili.

"Wewe ndiye uliyeutoa," nilisema.

"Ni mimi."

"Ulikuwa mfukoni hata kule kikaoni?"

Akaitazama mikono yake. Nikajua ulikuwapo.

"Na hii unataka nisome lini?"

"Nikishalala. Watu wote watakuwa hapo, watasikia. Jina yako itakuwa safi."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuipata hata nilipokuwa sakafuni. "Kwa hivyo ningoje ufe! Ukae mwaka, ukae kumi, na mimi niendelee kuitwa mzembe sokoni, halafu siku ambayo hakuna mtu anayeweza kukuuliza swali, ndiyo unisafishe? Na kwa mdomo wangu mimi? Kila ukweli wako lazima usemwe na mtu mwingine, Mzee?"

"Watu hao wananiheshimu, Mama Brian. Nikisema sasa, macho nitaweka wapi?"

"Weka pale ulipoyaweka siku ile. Tazama kofia."

Nikatoka na daftari. Mke wake aliniita, sikugeuka. Uani mchungaji alikuwa amefungua Biblia, nikasimama mbele yake na kuwaambia watu kwamba Mzee ameandika neno na ameniomba nilisome. Nilisoma kwa sauti ile ya mashine. Nilipofika kwenye waya, mwanamume mmoja wa kiwanda aliinuka nusu akaketi tena. Mchungaji alinishika bega taratibu. "Mama, hii ni wasifu. Mwenyewe bado yuko hai."

"Ndiyo maana nasoma leo," nilimwambia, nikaendelea mpaka neno la mwisho.

Halafu watu wakaanza kutazama nyuma yangu, nami nikageuka. Mzee alikuwa mlangoni, ameshika mwimo kwa mkono mmoja, mke wake akimshika kiuno. Nilidhani ametoka kukana. Hakuwa na kofia. Aliwatazama watu wale, safu kwa safu, mpaka waliokaa kwenye ua wa miti, halafu akanitazama mimi.

"Soma tena hapo pa waya," alisema, kwa sauti kubwa iliyopasuka, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake hata siku moja. "Hao wa nyuma hawajasikia."

Nilikuwa bado na hasira naye, na ninayo mpaka leo. Nikafungua ukurasa, nikasoma tena.